Pumzi ya Mjomba
Ngoma ya sengenya haiingii uwanjani mpaka nzumari iseme. Ngoma zimeshakazwa motoni, upatsu uko tayari, wachezaji wamejifunga njuga; mpiga nzumari asipofika, Msambweni nzima inangoja.

Mjomba wangu alingojwa hivyo tangu ujana hadi mvi. Nafasi hiyo aliipokea kwa mjomba wake, kama ilivyokuwa desturi yetu Wadigo: mali na heshima vilipita upande wa mama, kutoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa, kabla ya sheria ya Kiislamu kuwapa watoto urithi wa baba yao. Mashamba yalileta kesi. Nzumari haikuleta, maana kuirithi si kuweza kuipiga.

Kazi yenyewe ni pumzi. Ulimi wa jani kavu huzama kinywani, mashavu yaliyovimba husukuma hewa, na papo hapo pua huvuta nyingine, sauti isikatike. Vijana aliwafundisha kwa kikonyo cha jani la mpapai ndani ya kikombe cha maji. Povu likikoma, anza tena.

Mwigizaji Yul Brynner alicheza mfalme wa Siam katika tamthilia ya The King and I kuanzia 1951 hadi 1985, mara 4,625. Namvulia kofia. Lakini yeye alikuwa na maneno yaliyoandikwa. Mjomba alitazama miguu ya wachezaji: ikilegea alifupisha, ikipamba moto aliwachukua mpaka alfajiri.

Kisha zikaja hoteli za Diani. Ngoma ya usiku kucha ikabanwa ikatoshea muda wa chakula cha jioni cha watalii. Riziki ilipatikana, nami nilisomeshwa kwayo, ila kilichokatwa kwanza ni ule mwanzo mrefu wa nzumari peke yake, wa kuwaita watu kutoka mashambani. Hilo hadi leo linaniuma. Vurugu za Likoni za Agosti 1997 zikafukuza wageni, na vikundi vikarudi vijijini vikakuta harusi zimeshahamia kwenye spika.

Siku hizi sengenya huchezwa pia na wanafunzi katika Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza 1927, wengine wakiwa hawajawahi kuvuka kwa feri ya Likoni kuja kwetu. Nafurahi kuwaona. Lakini kijana anayejifunza nyimbo mbili za mashindano huiweka nzumari chini akimaliza shule. Kaka yangu, aliyeachiwa ile ya mjomba, sasa hufundisha Jumamosi chini ya mwembe. Huwataka watoto wa gredi ya nne, wapate miaka ya kutosha mkononi mwake kabla hawajaondoka kutafuta kazi.