Madini ya mshipani kwa watoto wachanga: Yakipungua hudhuru, yakizidi ni sumu

WATOTO wanaozaliwa kabla ya kutimiza miezi, au wenye maradhi ya utumbo, aghalabu hawawezi kumeng'enya maziwa. Hulishwa kupitia mshipani kwa mchanganyiko wa sukari, protini, mafuta, vitamini na madini.

Baadhi ya madini hayo huhitajika kwa kiasi kidogo mno, yakiwemo zinki, shaba, seleniamu na manganizi. Sehemu kubwa ya akiba yake huwekwa katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, hivyo anayezaliwa mapema huikosa.

Upungufu wake hujitokeza upesi. Mwishoni mwa 2012, zinki ya sindano ilipoadimika nchini Marekani, watoto watatu waliozaliwa mapema mno jijini Washington walipatwa na maradhi ya ngozi yatokanayo na ukosefu wa madini hayo.

Hata hivyo, kuzidi nako ni hatari. Utumbo hufyonza sehemu ndogo tu ya manganizi iliyomo chakulani, lakini inayotiwa mshipani huingia yote mwilini. Aidha, manganizi na shaba hutolewa mwilini kupitia nyongo. Nyongo isipotiririka vyema, hali inayowapata wengi wanaolishwa hivi kwa muda mrefu, manganizi hurundikana na kuweza kudhuru ubongo.

Ndiyo maana mwongozo wa Ulaya wa 2018 unapendekeza mtoto aliyezaliwa mapema apewe zinki mikrogramu 400 hadi 500 kwa kila kilo ya uzani wake kwa siku, na shaba mikrogramu 40, ilhali manganizi isizidi mikrogramu 1.

Alumini nayo haina faida yoyote mwilini. Huingia kama uchafu, hasa kutoka chupa za kioo zinazohifadhi dawa ya kalsiamu. Utafiti uliochapishwa 1997 katika jarida la New England Journal of Medicine ulionyesha kuwa watoto waliopewa maji ya lishe yenye alumini kidogo walikuwa na ukuaji bora wa akili walipofikisha miezi 18. Tangu 2004, Marekani huwataka watengenezaji waonyeshe kiwango cha alumini kwenye vibandiko.

Kinga iliyo bora ni kupima damu mara kwa mara lishe hii inapoendelea kwa majuma mengi, kurekebisha vipimo ini au figo zinapodhoofika, na kumwanzishia mtoto maziwa ya mama, hata kwa matone, mara daktari anaporuhusu.