Sola Haikufeli, Kilichokosekana ni Rejuleta

Ukienda ocha utasikia mzee akisema, "Sola ilikuja hapa kitambo, ikakufa." Kwa heshima zote, guka, sola haikukufa. Betri ndiyo iliuawa, na muuaji anajulikana: kuchaji bila kipimo. Wasee, tulieni kidogo, juu hii historia inakuhusu hata wewe unayechaji simu kwa kitanda saa hii.

Turudi 1859. Mfaransa anaitwa Gaston Planté alikunja mabamba mawili ya madini ya risasi, akayatumbukiza kwenye asidi ya salfa. Hiyo ndiyo betri ya kwanza ya kuchajiwa upya. Na aliichaji na nini? Na betri zingine, zile za kutumia na kutupa, juu jenereta za maana zilikuwa bado.

Betri ya gari ya leo bado ni ya ukoo wa Planté. Iko na seli 6, na ukitaka kuiacha kwa chaja muda mrefu bila kuiumiza, kila seli inataka karibu volti 2.3. Piga hesabu: 13.8. Ukizidisha sana, maji ndani yanageuka gesi, betri inakauka. Ukiiacha nusu tupu kila siku, mabamba yanashika ukoko wa salfeti na inaanza kubeba moto kidogo tu. Betri ni kama ugali, moto una kiasi chake.

Sasa tuje nyumbani. Kabla ya sola kuenea, watu walikuwa wanabeba betri ya gari kwa baiskeli hadi soko lenye stima, wanaacha ichajiwe, wanarudi nayo ndio familia ione TV ya blaki na waiti. Katikati ya miaka ya 80, injinia Mmarekani Harold Burris na mwalimu wa kujitolea Mark Hankins waliweka taa za sola shule ya Karamugi, Meru. Mafundi wa hapo wakajifunza, biashara ikashika. Kufikia miaka ya 90, paneli ndogo za wati 12 au 14 zilikuwa zinauzwa madukani kama redio, na Kenya ikawa mfano duniani wa sola ya kununuliwa na mwananchi mwenyewe, si ya serikali.

Lakini hapo ndo shida iliingia. Mtu akiwa na pesa kidogo ananunua kile anaona: paneli, betri, TV. Rejuleta ya kulinda betri haionyeshi picha wala haitoi mwanga, so wengi waliiruka. Waya zilitoka kwa paneli moja kwa moja hadi kwa betri. TV ikitazamwa usiku mzima, betri inashuka hadi chini, na paneli ndogo haiwezi kuijaza tena. Betri ikafa mapema, na lawama zote zikaangukia sola.

Uchungu ni kwamba dawa ilikuwepo, angalau ya upande wa kuchaji. 1976, Bob Dobkin akiwa kampuni ya National Semiconductor kule Marekani, alileta LM317. Ni kadude ka miguu mitatu, na mpaka leo ukishuka Luthuli Avenue utakapata kwa bei ya chini. Kazi yake ni moja: kushikilia volti 1.25 kati ya mguu wa kutoa na mguu wa kurekebisha. Weka resista ya omu 240 hapo kati, na nyingine ya 2400 kutoka mguu wa kurekebisha hadi negativu, itatoa karibu 13.8. Ni hesabu ya Form Two, bana.

So hapa kuna mradi wa wikendi. Chukua adapta ya laptopu ya volti 19, ndio usiguse kabisa stima ya ukuta. Ipitishe kwa LM317 iliyofungwa kwa bamba la alumini, juu itachemka. Weka diodi kwa njia ya kutoka ili betri isirudishe moto nyuma adapta ikizimwa. Diodi itakula karibu volti 0.7, kwa hivyo badala ya ile resista ya 2400 weka ya kuzungusha, ya omu 5000, urekebishe na multimita mpaka upande wa betri usome 13.8. Fanya hivyo kabla ya kuunganisha betri. Inatosha betri ndogo ya 12V, ile ya ampea 7 kwa saa inayokaa kwa UPS. Chajia mahali penye hewa, juu gesi ya betri inaweza kulipuka. Na usijaribu na lithiamu: seli yake kwa kawaida inaishia 4.2 na haina msamaha.

Maoni yangu ni haya. Bado tunanunua vitu vile wazazi wetu walinunua, kwa macho. Chaja ya bei ya kutupa, pawabanki isiyojulikana imetoka wapi, betri ya boda iliyounganishwa kienyeji. Ukishajenga rejuleta moja kwa mikono yako, utaanza kumuuliza muuzaji swali ambalo kule Meru halikuulizwa vya kutosha: hii kitu inajua kuacha kuchaji saa ngapi?