Fahamu Namna ya Kuoanisha Sauti na Picha za Tamasha Lililorekodiwa kwa Kamera Nyingi

Na Mwandishi Wetu, Tengeru

Tengeru, katika Halmashauri ya Wilaya ya Meru mkoani Arusha, ni eneo lenye vyuo na makanisa ambayo mahafali na sherehe zake hupambwa na kwaya, bendi na ngoma. Vijana wengi hujipatia kipato kwa kurekodi hafla hizo kwa kamera mbili, tatu au zaidi. Wimbo ulioimbwa jukwaani siku hiyo haurudiwi. Midomo ya waimbaji isipoendana na sauti, anayelipia huduma hupata hasara na jamii hupoteza kumbukumbu yake. Makala haya yanaeleza chanzo cha tatizo hilo na hatua za kulizuia.

Chanzo cha tatizo

Sababu ya kwanza ni umbali. Katika nyuzi joto 20, sauti husafiri takribani mita 343 kwa sekunde, ilhali mwanga hufika papo hapo. Kamera iliyo mita 34 kutoka kwenye spika hupokea sauti ikiwa imechelewa kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Kwa video ya fremu 25 kwa sekunde, huo ni muda wa fremu mbili na nusu.

Sababu ya pili ni saa za ndani za vifaa, ambazo hazilingani kikamilifu. Tofauti ya sehemu 20 kwa milioni huonekana ndogo, lakini baada ya saa moja hufikia milisekunde 72, karibu fremu mbili. Ndiyo maana wimbo wa kwanza huweza kuwa sawa na wa mwisho ukapishana.

Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano (ITU) unaeleza kuwa mtazamaji huanza kugundua kasoro pale sauti inapotangulia picha kwa milisekunde 45, au inapochelewa kwa milisekunde 125. Sauti inayotangulia husumbua mapema zaidi kwa sababu binadamu amezoea kuona tukio kabla ya kulisikia.

Kabla na wakati wa onesho

Mpiga picha anashauriwa kuzingatia yafuatayo:

1. Kupanga kamera zote katika fremu 25 kwa sekunde, na vifaa vyote vya sauti katika kilohezi 48.

2. Kuteua sauti moja kuu, inayochukuliwa kwenye mikisa kwa kinasa sauti, na kuongeza maikrofoni mbele ya jukwaa ili kunasa makofi na waimbaji wasio na vipaza sauti.

3. Kuacha sauti ya kila kamera ikirekodiwa hata kama haitatumika, kwa kuwa ndiyo itakayotumika kulinganishia.

4. Kupiga kofi moja kubwa jukwaani mbele ya kamera zote kabla ya kuanza, na jingine mwishoni.

5. Kutozima kamera katikati ya wimbo. Kila kamera inapozimwa na kuwashwa, kazi ya kuoanisha huanza upya.

Wakati wa uhariri

Programu nyingi za uhariri huoanisha vipande kwa kulinganisha mawimbi ya sauti. Hata hivyo, programu hulinganisha sauti na sauti, wala haiangalii mdomo wa mwimbaji. Kwa kamera iliyokuwa mbali, picha itatangulia sauti kuu. Mhariri atazame viganja vinapokutana katika kofi la mwanzo, kisha aicheleweshe picha hiyo kwa fremu mbili au tatu, kadiri ya umbali.

Baada ya hapo alinganishe kofi la mwisho. Likipishana, saa za vifaa zimeachana. Akate picha katika vituo vya kati ya nyimbo na kuoanisha kila wimbo peke yake. Sauti kuu isikatwe.

Haki za wasanii

Wananchi wanakumbushwa kuwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, inalinda haki za watunzi na waigizaji wa kazi za sanaa. Ni vyema makubaliano ya kurekodi na kusambaza yafanywe kwa maandishi na kwaya au bendi husika kabla ya siku ya tamasha. Ufafanuzi zaidi hutolewa na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA).