Utoro: Neno na Historia Yake

Asili ya neno mtoro ni kitenzi kutoroka. Katika karne ya 19, mtoro wa pwani alikuwa hasa mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Watoro wa Fuladoyo, katika nyika ya Kenya, walifanya hata kijiji chao. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, lakini neno halikuzikwa nao. Likabaki shuleni, kwa mtoto asiyehudhuria.

Azimio la Musoma la 1974 lilitaka elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo 1977. Kisha Sheria ya Elimu ya 1978 ikaagiza mtoto wa miaka 7 hadi 13 aandikishwe shule, na mzazi ahakikishe kwamba anahudhuria daima. Basi kwa sheria mwenye wajibu ni mzazi. Kwa lugha mwenye hatia ni mtoto.

Kutoroka kwahitaji nia ya anayekimbia. Mtoto aliyewekwa nyumbani amlee mdogo wake, achunge mbuzi au awinge ndege shambani, hakutoroka: amezuiliwa. Yafaa daftari la mahudhurio litenge mambo hayo mawili, ili aulizwe anayestahili kuulizwa.