Mwalimu, Mzazi na Dola: Chimbuko la Tabia za Wanafunzi katika Shule za Fizi na Baraka

Katika mji wa Baraka, ulioko kwenye ufuo wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, mwanafunzi akimjibu mwalimu kwa ufidhuli au akitoroka kipindi, maelezo huwa tayari: huyo ni mtoto wa vita. Maelezo hayo yana uzito wake. Tangu 1964 wilaya ya Fizi imepitiwa na maasi, vita vya msituni na ukimbizi kiasi kwamba si rahisi kumpata mtu mzima ambaye ujana wake haukukatizwa na mlio wa bunduki. Hata hivyo, historia ya shule za eneo hili inaonyesha jambo ambalo maelezo hayo yanalifunika. Tabia ya mwanafunzi darasani imebadilika kila mara yalipobadilika mamlaka ya mwalimu, na mamlaka hayo yametegemea sana swali la kawaida mno: ni nani anayempa mwalimu riziki yake? Vita vililikuta swali hilo limekwisha kuulizwa.

Kabla ya shule ya ubao na chaki, malezi ya kijana wa Kibembe yalikuwa na mahali pake na wakati wake. Mahali palikuwa lubunga, baraza la wanaume ambapo wavulana walikaa kimya na kusikiliza. Wakati ulikuwa butende, yaani jando. Daniel Biebuyck, mwanaanthropolojia wa Kibelgiji aliyefanya utafiti miongoni mwa Wabembe kabla ya uhuru, ndiye aliyeacha maandishi mengi zaidi juu ya taasisi hizo na juu ya chama cha bwami kilichokuwa juu yake. Kwa madhumuni ya makala hii yatosha kuzingatia jambo moja. Mfunzi alikuwa baba, mjomba au mzee wa ukoo. Kijana aliyemkosea alikuwa amewakosea watu ambao angekula nao chungu kimoja jioni ile ile.

Shule ya kwanza ya Kizungu katika eneo hili ilijengwa juu ya msingi ulio kinyume kabisa na huo. Mwaka 1883 Wamisionari wa Afrika, wajulikanao zaidi kama Mapadre Weupe, walifungua misheni ya Kibanga kando ya Ghuba ya Burton na kuiita Lavigerieville, kwa heshima ya mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie. Wanafunzi wake wa mwanzo hawakuletwa na wazazi. Walikuwa watoto waliokombolewa kutoka katika biashara ya watumwa iliyokuwa ikivuka ziwa kuelekea Ujiji. Mtoto wa Kibanga hakuwa na ukoo wa kukimbilia. Misheni ilimlisha, ikamvika, ikamfunza, na alipokua ikamwoza. Utii wake ulikuwa mkubwa, ingawa mtu ana haki ya kuuliza kama utii wa mtoto asiye na pa kwenda unastahili kuitwa nidhamu. Kibanga iliachwa katika miaka ya 1890, lakini mfano wake ulibaki: kengele, sala, shamba, darasa, na mkono mmoja unaogawa chakula na adhabu.

Dola ya kikoloni iliukubali mfano huo. Kuanzia nusu ya pili ya miaka ya 1920 serikali ya Kibelgiji ilitoa ruzuku kwa shule za misheni za Kikatoliki, huku zile za Kiprotestanti zikisubiri hadi 1948. Mwalimu wa kijijini alipata mshahara mdogo, lakini nyuma yake alisimama padre, na nyuma ya padre alisimama mtawala wa wilaya. Mzazi aliyetaka kumtetea mwanawe aliwapima wote watatu kabla ya kufungua kinywa. Aidha, katika madarasa ya chini ya mashariki ya Kongo lugha ya kufundishia ilikuwa Kiswahili, lugha ambayo mtoto wa Baraka aliisikia sokoni na bandarini, na kwa hiyo fimbo ya mwalimu angalau ilikuja pamoja na maneno yaliyoeleweka. Kasoro kubwa ilikuwa kwingine. Ngazi ilikuwa pana chini na nyembamba mno juu: shule za msingi zilikuwa nyingi, za sekondari chache sana.

Matokeo yake yalionekana mara tu baada ya uhuru wa 1960. Kijana aliyefundishwa kuwahi kengele kwa miaka sita aliona kwamba mlango uliokuwa mwisho wa njia hiyo umefungwa. Maasi ya Simba yalipouteka Uvira mwezi Mei 1964 na kuenea hadi Fizi, miongoni mwa wapiganaji walikuwamo vijana wengi walioachwa njiani na shule. Ernesto Che Guevara, aliyekaa katika milima ya Fizi kati ya Aprili na Novemba 1965, alilalamika kwa uchungu katika kumbukumbu zake juu ya utovu wa nidhamu wa wapiganaji hao. Malalamiko yake yanafanana kwa namna ya ajabu na ya mwalimu mgeni aliyepewa darasa lililokwisha kupoteza imani na shule.

Baada ya majeshi ya serikali na mamluki kuurejesha mji wa Baraka mwishoni mwa 1965, wilaya iligawanyika. Kuanzia 1967 chama cha PRP cha Laurent-Désiré Kabila kilishika sehemu za milimani, kikiwa na makao yake Hewa Bora na shule zake chenyewe, na hali hiyo iliendelea hadi miaka ya 1980. Huku ufuoni, shule zilikuwa za Zaire. Wanafunzi walipandisha bendera na kumwimbia Mobutu kila asubuhi. Tangu 1972 waliitwa kwa majina yasiyo ya Kikristo. Mwishoni mwa 1974 shule za makanisa zilitaifishwa, na mwaka 1977 zikarudishwa kwa makanisa kwa mkataba. Katika kipindi hiki tawi la vijana wa MPR liliingia shuleni, na mwanafunzi akaweza kuwa na cheo kisichotoka kwa mwalimu wala kwa mzee wake. Hilo lilikuwa jambo jipya. Lakini mshahara wa mwalimu, hata uliposhuka thamani, bado ulitoka serikalini, na kwa sababu hiyo mzazi na mwanafunzi walimwona kuwa mtu wa serikali.

Uzi huu ulikatika katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990. Chini ya masharti ya wakopeshaji wa kimataifa, serikali ya Zaire ilipunguza matumizi ya elimu na kuwaondoa kazini maelfu ya walimu. Mfumuko wa bei ukameza mishahara ya waliobaki. Mwaka 1992, baada ya migomo mirefu, Kanisa Katoliki na chama cha wazazi walikubaliana kwamba wazazi wawalipe walimu nyongeza ili madarasa yafunguliwe. Ilikusudiwa kuwa dawa ya muda. Ikadumu miaka 27.

Ni vema kueleza utaratibu huo ulivyofanya kazi, maana ndani yake mna mengi ambayo baadaye yaliitwa tabia mbaya za vijana. Shule ilikusanya ada. Sehemu moja iligawanywa kwa walimu, na sehemu nyingine ilipanda ngazi hadi kwa wasimamizi wa shule, wakaguzi na ofisi za elimu za juu yao. Kwa maneno mengine, watumishi waliotakiwa kumsimamia mwalimu walikula katika sahani moja naye, na sahani hiyo ilijazwa na mtoto. Asubuhi ya kukagua malipo, mkuu wa shule ya msingi, au prefe katika sekondari, alipita darasani na orodha, na waliotajwa waliondoka katikati ya somo. Katika Kiswahili cha Kongo jambo hili linaitwa kufukuzwa, neno lile lile linalotumika kwa mwanafunzi aliyetenda kosa. Lugha hapa haikutenganisha umaskini na hatia, na mtoto aliyesimama nje ya uzio na madaftari yake hakuwa na sababu ya kuvitenganisha.

Mtoto huyo alikwenda wapi? Wengi hawakwenda moja kwa moja nyumbani, kwa sababu nyumbani fedha hazikuwapo. Baraka ni mji wa ziwa. Wavuvi wa dagaa hutoka katika usiku wa giza wakiwa na taa, na hupumzika mwezi unapong'aa. Mvulana anayetafuta ada yake mwenyewe huufuata mwezi badala ya ratiba ya shule, na asubuhi akirudi darasani husinzia. Mwalimu ataandika kwamba ni mvivu. Kusini zaidi, Misisi, kuna machimbo ya dhahabu, na huko kijana hupata kwa siku chache fedha ambazo mwalimu wake hazipati kwa mwezi. Anaporudi na kuketi kwenye dawati la mbele ya mwalimu huyo, unyenyekevu wa zamani huwa mgumu kwa wote wawili.

Mwalimu naye alibadilika. Kumfukuza mkorofi aliyelipa kulikuwa ni kupunguza mfuko wa walimu, na kumkaririsha darasa mzembe kulikuwa ni kumsukuma kwenye shule ya jirani. Alama zikaanza kuuzwa, mahali pengine kwa fedha, mahali pengine, jambo lililozoeleka vibaya nchini kote, kwa mwili wa msichana. Mwanafunzi anayejua kwamba cheti kina bei hamwogopi anayekiuza, wala hamheshimu.

Lugha ilizidisha umbali huo. Mageuzi ya 1962 yalikifanya Kifaransa kuwa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza, na uamuzi wa miaka ya 1970 wa kuzirudisha lugha za taifa katika madarasa ya chini haukutekelezwa kwa ukamilifu. Katika shule nyingi za Kongo mwanafunzi aliyeteleza akasema Kiswahili alivishwa alama ya aibu. Mtoto asiyejua Kifaransa cha kutosha akiulizwa swali hunyamaza, na kimya chake husomwa kama kiburi. Haielekei kwamba wote walioandikwa wakaidi walikuwa wakaidi.

Hiyo ndiyo hali ambayo vita vya 1996 viliikuta. Majeshi ya AFDL yaliwachukua watoto wa shule katika Kivu na kuwafanya kadogo. Kuanzia Agosti 1998 waasi wa RCD na vikundi vya Mai-Mai waligombea Fizi, na mauaji ya Makobola mwishoni mwa 1998 na mwanzoni mwa 1999 yaliwasukuma wengi zaidi kuvuka ziwa kwenda Kigoma. Huko walikwisha kufunguliwa kambi za Nyarugusu, mwaka 1996, na Lugufu, mwaka 1997.

Shule za kambini ndizo zinazoyatia shaka maelezo ya mtoto wa vita. Watoto walikuwa wale wale, waliotoka katika vijiji vile vile. Mtaala ulikuwa wa Kongo. Walimu walikuwa wakimbizi wenzao. Hazikuwa shule za kuonewa wivu: madarasa yalifurika, viboko vilitumika, na wasichana wengi waliacha masomo kwa mimba na ndoa za mapema. Lakini mwalimu alipata posho yake, ndogo kadiri ilivyokuwa, kutoka kwa mashirika, na hakuna mtoto wa shule ya msingi aliyetolewa darasani kwa sababu ya deni la mwalimu wake. Mwalimu alimdai mwanafunzi kazi ya darasani tu.

Marejeo makubwa kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka yalianza mwaka 2005, na Lugufu ilifungwa mwaka 2009. Waliorudi walikuta ada. Walikuta pia vipimo vingine vya adabu. Shikamoo, ambayo Kigoma ni haki ya kila mkubwa, si desturi ya ng'ambo hii, ambako mkubwa huamkiwa kwa jambo na mkono hutolewa kwa heshima. Kijana mmoja angeweza kuonekana mwenye kujipendekeza kwa neno moja na fidhuli kwa kulikosa jingine. Baadhi ya waliobaki, nao, walirudi darasani kutoka katika vikundi vya silaha, wakiwa na umri wa walimu wao wadogo. Mtu aliyewahi kuamrisha kwa bunduki kupiga magoti mbele ya darasa ni jambo zito. Ni kweli kwamba hapo vita vilionekana waziwazi. Lakini hata kijana huyo, orodha ya ada iliposomwa, aliondoka pamoja na wale ambao hawakuwahi kushika silaha.

Katiba ya Februari 2006, katika kifungu cha 43, ilitangaza elimu ya msingi kuwa bure katika shule za umma. Utekelezaji ulisubiri hadi Septemba 2019. Madarasa yalijaa ghafla, watoto watatu au wanne kwenye dawati la wawili, na walimu ambao majina yao hayakuwamo katika orodha ya malipo ya Kinshasa walijikuta wamepoteza fedha za wazazi bila kupata za serikali. Wakosoaji walisema kelele za madarasa hayo ni ushahidi kwamba nidhamu imekufa. Ziko kelele za namna mbili, na za watoto mia moja waliomo ndani ya chumba kimoja ni tofauti na kimya cha wale waliotolewa nje.

Shule za sekondari hazikuingizwa katika mpango huo. Kwa hiyo katika nyumba moja ya Baraka mdogo alikaa darasani hadi kengele ya mwisho, na kaka yake, aliyelelewa na mama yule yule katika vita vile vile, alitolewa saa tatu asubuhi na jina lake likiwa kwenye orodha, akashuka ufuoni kuuliza kama usiku huo mitumbwi ingetoka.