Jina la Magdalena: Chimbuko Lake na Matumizi Yake, kwa Kuitazama Goziba

Magdalena ni miongoni mwa majina ya ubatizo yaliyozoeleka mkoani Kagera, kwa Wakatoliki na kwa Walutheri vilevile. Katika maongezi ya kila siku hufupishwa kuwa Magda au Lena. Maelezo yanayosikika mara kwa mara kuhusu asili yake ni kwamba lilikuwa jina la kahaba aliyetubu miguuni pa Yesu. Makala haya yanadai kwamba maelezo hayo hayamo katika Maandiko, kwamba yana mwaka na mwandishi wake, na kwamba chimbuko halisi la jina liko karibu zaidi na maisha ya mwalo kama wa Goziba kuliko inavyodhaniwa.

Kwa umbo lake, Magdalena si jina la mtu bali ni sifa ya mahali. Neno la Kigiriki lililomo katika Injili lina maana ya "mwanamke wa Magdala", kama vile Mnazareti ni mtu wa Nazareti, au kama katika Buhaya mtu anavyotambulishwa kuwa wa Kiziba au wa Ihangiro. Jina lake mwenyewe lilikuwa Mariamu, ambalo ni Miriamu wa Kiebrania, dada yake Musa. Wanawake wenye jina hilo katika Injili ni wengi, hivyo ilibidi watofautishwe. Wengine walitofautishwa kwa watu wao: Mariamu mama wa Yakobo, Mariamu wa Klopa. Huyu peke yake alitofautishwa kwa mji wake, wala hatajwi mume, baba au mtoto. Biblia ya Kiswahili ya Union Version humwita Mariamu Magdalene, ilhali Wakatoliki wamezoea kusema Maria Magdalena.

Magdala maana yake ni mnara. Hieronimo, mfasiri wa Biblia ya Kilatini, alilichukua neno hilo kuwa sifa ya imani yake imara kama mnara, na katika mwaka 2021 wataalamu Elizabeth Schrader na Joan Taylor walilifufua wazo kwamba huenda lilikuwa jina la heshima. Hata hivyo, wengi hushikilia kwamba ni mji uliokuwa ukingoni mwa Ziwa la Galilaya, upande wa magharibi. Mwaka 2009 wachimbaji wa mambo ya kale walifukua hapo sinagogi la karne ya kwanza. Mji huo kwa kawaida hulinganishwa na ule ambao maandishi ya Kiyahudi huuita Mnara wa Samaki, na ambao Wagiriki waliuita Tarikea, jina linalotokana na neno lao la samaki waliotiwa chumvi.

Hapa ndipo Goziba inapopata nafasi yake katika hoja. Kata hiyo ya Wilaya ya Muleba ni kisiwa cha wavuvi katikati ya Ziwa Viktoria. Kazi ya kuvua usiku kwa taa ni ya wanaume, lakini samaki akishafika mwaloni, sehemu kubwa ya kazi ya kumfanya aweze kusafiri hadi sokoni huwa mikononi mwa wanawake: kununua dagaa wabichi, kuwaanika, kuwageuza, kuwaokoa mvua inapotishia, kuwafunga magunia. Sangara aliyetiwa chumvi na kukaushwa huitwa kayabo katika Kanda ya Ziwa, na husafirishwa hata hadi Kongo. Kwa msomaji wa huko, Tarikea haihitaji maelezo marefu. Ni mji wa kayabo.

Luka 8 inamtaja Mariamu huyo pamoja na Yoana mke wa Kuza, na Susana, kuwa wanawake waliomhudumia Yesu na wanafunzi wake kwa mali zao. Inasema pia kwamba alikuwa ametolewa pepo saba, jambo ambalo katika lugha ya Injili ni la ugonjwa, si la uasherati. Injili haisemi mali yake ilitoka wapi, lakini si jambo la kushangaza mwanamke wa mji wa namna ile kuwa na fedha zake. Baadaye yuko msalabani, na katika Yohana 20 ndiye wa kwanza kumwona Mfufuka na kutumwa kuwapasha wanafunzi habari.

Je, dhambi ilitoka wapi? Mwishoni mwa Luka 7, mistari michache tu kabla ya jina lake kutajwa, kuna mwanamke mwenye dhambi anayempaka Yesu miguu marhamu. Hana jina. Mnamo mwaka 591 Papa Gregori Mkuu, katika mahubiri, alimwunganisha huyo na Mariamu wa Bethania na Mariamu wa Magdala wakawa mtu mmoja. Makanisa ya Mashariki hayakukubali muunganiko huo. Magharibi ikaukumbatia kwa karne nyingi. Jina likawa alama. Nyumba ya London iliyofunguliwa mwaka 1758 kwa ajili ya makahaba waliotubu iliitwa kwa jina hilo, na nyumba za kufulia za Ireland, ambazo ya mwisho ilifungwa mwaka 1996, zilifanya vivyo hivyo.

Jina lilifika Buhaya likiwa limebeba mzigo huo. Mapadre Weupe walifungua misheni ya Kashozi mwaka 1892, nao Wamisionari wa Bethel kutoka Ujerumani wakafika Bukoba mwaka 1910. Kwa Wakatoliki, Injili iliyosomwa katika misa ya Kilatini kila tarehe 22 Julai, sikukuu ya Magdalena, ilikuwa ile ya Luka 7, ya mwanamke asiye na jina. Mkristo hakuhitaji kuwa msomi ili ayaunganishe. Kanisa lilikuwa limekwisha kumwunganishia.

Mzigo huo uliangukia jamii ambayo tayari ilikuwa na mashtaka yake dhidi ya wanawake. Kati ya vita vikuu viwili na baada yake, wanawake wa Kihaya waliokwenda kufanya biashara ya mwili Nairobi, Kampala na kwingineko waliwakera watawala na viongozi wa dini nyumbani. Luise White (1990) ameonyesha kwamba wengi wao waliwekeza fedha hizo katika familia na mashamba, naye Birgitta Larsson (1991) amewatazama pamoja na wale waliokimbilia utawa, kama njia mbili za kuiepuka ndoa wasiyoitaka. Lawama haikujali tofauti hizo. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipogunduliwa Kagera mwaka 1983, ilipata nguvu mpya, na mwanamke anayefanya kazi peke yake mwaloni, mbali na ndugu zake, alikuwa miongoni mwa walionyoshewa kidole kwanza. Kwamba anaanika dagaa ili alipe ada ya mtoto halikuwa jambo la kuulizwa.

Kanisa Katoliki lilirekebisha kalenda yake mwaka 1969: Luka 7 ikaondolewa katika siku ya Magdalena, ikawekwa Yohana 20. Mwaka 2016 Papa Fransisko aliipandisha kumbukumbu hiyo kuwa sikukuu kamili, ya daraja moja na za mitume, na hati iliyotangaza hatua hiyo ikarudia sifa ya kale ya "mtume wa mitume". Marekebisho hayo yalifanyika katika vitabu vya ibada. Maelezo ya mdomo hayakubadilika kwa kasi hiyo, na bado yanasikika. Kwa hiyo bibi aliyebatizwa Magdalena mwaka 1950 na mjukuu wake aliyebatizwa kwa jina hilohilo mwaka 2017 wanaweza kusimama katika kanisa moja tarehe 22 Julai. Bibi alikua akisomewa habari za mwanamke aliyelia miguuni; mjukuu anasomewa habari za yule aliyetumwa kwenda kusema.