Utunzaji nyaraka (mafunzo ya uzamili)

Elimu ya juu inayomwandaa mhifadhi wa nyaraka, zikiwemo zile ambazo hazijawahi kuwa karatasi. Katika Afrika Mashariki hufundishwa, miongoni mwa vyuo vingine, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret. Ugumu wa kazi yenyewe huonekana Kisesa, mashariki ya jiji la Mwanza, ambako utafiti wa VVU umekuwa ukiandikisha kaya tangu 1994. Mwaka 2015 kituo cha afya cha hapo kilianza kutumia programu ya kumwoanisha mgonjwa na rekodi ya kaya yake katika utafiti huo papo hapo: majina matatu, kijiji, mwaka wa kuzaliwa, hata jina la balozi wa nyumba kumi. Tahajia ikitatiza, huulizwa mgonjwa mwenyewe, maana yuko hapo hapo amekaa.